Kompyuta Iliyopungukiwa na Rangi

Dada yetu mmoja atuuliza: kompyuta yake ya mtumba, yenye Windows 98, ilisafishwa na kutiwa programu upya. Tangu hapo picha za harusi ya binti yake zaonekana madoa matupu. Fundi amwambia monita imekufa, na anunue nyingine.

Twamsihi asitoe hata shilingi kwanza. Na aitazame rangi nyeupe. Ikiwa nyeupe imegeuka manjano, buluu haifiki. Ikiwa samawati ya kijani, nyekundu haifiki. Ikiwa waridi iliyokolea, basi kijani ndiyo iliyokatika. Hiyo ni kasoro ya waya. Kila rangi ina pini yake, na pini moja ikipinda, rangi yake hupotea. Azime, achomoe, atazame, aikaze tena.

Lakini kama nyeupe ni nyeupe safi na nyuso tu ndizo zenye madoa, basi rangi hazikukatika, bali zimekuwa chache. Monita ya kioo kinene haihesabu rangi, huonyesha iletewayo. Ihesabuyo ni kadi ya picha iliyo ndani ya kompyuta. Windows isipoitambua kadi hiyo hurejea mpango wa VGA, ulioletwa na IBM mwaka 1987: nukta 640 kwa 480, rangi 16 basi. Uso wa bibi harusi utatoshaje katika rangi 16?

Dawa yake ni draiva, yaani programu ya kuiendesha kadi ile, na fundi aliyeifuta ndiye apaswaye kuirudisha, bila ya malipo mapya. Ikishaingia, dada abofye kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu pa skrini, achague neno la mwisho katika orodha, kisha ukurasa wa mipangilio. Biti 16 humpa rangi 65,536.

Ikikataa, huenda kumbukumbu ya kadi ni ndogo. Nukta 1024 kwa 768 katika biti 16 zahitaji megabaiti 1.5, kadi yenye megabaiti 1 haiwezi. Ashuke hadi 800 kwa 600, na rangi zitakuja.

Na picha zile asizifute kamwe. Hazikudhurika, rangi zake zote zimo ndani ya faili. Akiwa na shaka, aichukue moja kwa disketi aifungue kwa jirani.