Mto Nao Hushiba

Kuna utani wa zamani hapa Texas kwamba mkazi wa Dallas akivuta maji chooni, mkazi wa Houston anapata ya kunywa. Tunacheka, lakini ramani haitanii. Mto Trinity hupita Fort Worth na Dallas, hushuka hadi Bwawa la Livingston, kisha huingia Ghuba ya Galveston. Bwawa hilo lilikamilika mwaka 1969, na asilimia 70 ya maji yake ni haki ya jiji la Houston. Mvua ikikatika wakati wa joto, sehemu kubwa ya maji yanayoteremka kutoka Dallas huwa yametoka kwenye mitambo ya kusafishia maji taka.

Maji hayo yamesafishwa, wala simtishi mtu. Ila kusafishwa huko hakuondoi naitrojeni na fosforasi zote. Hivi ni virutubisho vilevile ambavyo mkulima hununua katika mfuko wa mbolea. Vikizidi majini hulisha mwani, na mwani ukioza huwanyang'anya samaki oksijeni. Wenzetu waliotoka Kisumu na Mwanza hawahitaji mhadhara: wameona gugu maji likifunga njia za mitumbwi katika Ziwa Viktoria, likinenepa kwa rutuba inayoletwa na mito.

Wengi hujibu kwamba mto hujisafisha wenyewe. Hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki inapimika.

Chembe ya naitrojeni haielei moja kwa moja hadi baharini. Hunaswa na mwani au bakteria juu ya jiwe, hukaa humo, kisha kiumbe kikifa au kuliwa huachiwa, husafiri kidogo, hunaswa tena. Ukiichora safari hiyo utapata umbo la springi iliyovutwa. Swali ni moja: kwa wastani, chembe husafiri mita ngapi kabla ya kunaswa?

Kulijibu si uchawi. Watafiti huyeyusha chumvi pamoja na kirutubisho kidogo, huudondosha mchanganyiko huo kijitoni kwa kasi isiyobadilika, kisha huchota sampuli katika vituo kadhaa kuelekea chini. Chumvi hailiwi na viumbe. Ikipungua, ni kwa kuwa imechanganyika na maji mengine. Kirutubisho kikipungua kuliko chumvi, tofauti hiyo ndiyo kazi iliyofanywa na kijito.

Mwaka 2008, Patrick Mulholland na wenzake walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya vipimo vya namna hii kutoka vijito 72 vya Marekani na Puerto Rico. Waligundua kwamba kadiri nitrati inavyoongezeka majini, kijito hunasa zaidi, lakini sehemu inayonaswa hupungua. Kinachobaki huteremka kwa jirani. Kwa lugha ya nyumbani, mto nao hushiba.

Ndiyo maana sikubali tuishie kupima kinachotoka kwenye bomba la mtambo. Tupime pia uwezo wa kijito kinachokipokea. Kiasi kilekile cha nitrati kikiingia kwenye kijito chenye matope, mizizi na maji ya taratibu, hakifiki mbali kama kikiingia kwenye mfereji wa zege. Houston inaijua mifereji hiyo: sehemu ndefu za Brays Bayou zilinyooshwa na kusakafiwa ili mafuriko yapite haraka. Buffalo Bayou iliponea chupuchupu katika miaka ya 1960, baada ya wananchi kama Terry Hershey kupinga.

Kaskazini nako kuna mfano mzuri. Karibu na Crandall, wilaya ya maji ya North Texas Municipal Water District ilitengeneza ardhioevu ya ekari zaidi ya 1,800. Maji ya tawi la mashariki la Trinity hupitishwa humo, mimea na matope yakapunguza naitrojeni na fosforasi, kisha hupelekwa Ziwa Lavon kutumika upya.

Najua kuna atakayesema vipimo ni gharama na Houston ina mitambo yake. Sawa, lakini asiyeziba ufa hujenga ukuta. Kila kilo ya rutuba ambayo kijito hakikuinasa huangukia bwawa, ghuba, na bili ya mtu wa chini.

Chama chetu kina wanafunzi wa pande zote mbili za mto huu. Texas Stream Team, iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Texas State, huwafundisha raia wa kawaida kupima maji. Tujiandikishe, wa Dallas na wa Houston. Kisha tukienda kwenye vikao vya madiwani, tuwaulize swali lenye namba: rutuba tunayoimwaga hapa, inasafiri umbali gani kabla ya kunaswa, na nani anaipokea?