Insha tunazowaandikia wageni tujiandikie pia

Majuma machache yaliyopita alinijia ofisini kijana niliyemfundisha isimu kwa miaka minne. Alihitimu zamani kidogo, na shahada yake ingali imehifadhiwa nyumbani, kwani kazi ya ualimu aliyoisomea hajaipata. Baada ya kujuliana hali, alitoa karatasi mkobani, akanikabidhi kwa adabu.

"Mwalimu," aliniambia, "naomba unitazamie aya ya nne tu. Nahisi sijamjibu mpinzani sawasawa."

Ilikuwa insha ya kurasa tano, kwa Kiingereza, iliyodai kwamba vyuo vya Marekani viache kuwataka waombaji alama za mtihani wa SAT. Dai lake lilikuwa wazi. Ushahidi ulitoka katika marejeo matano yaliyotajwa kwa utaratibu, na mpinzani alipewa nafasi ya kusema kabla ya kujibiwa. Nilipomwuliza anaombea nafasi ya uzamili katika chuo kipi, alicheka kidogo akiangalia chini. Insha haikuwa yake. Ilikuwa ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo kimoja cha Marekani, ambaye hajapata kuonana naye wala kulijua jina lake, na malipo yangepitia kwa dalali wa mtandaoni.

Msomaji, sina budi kukiri kwamba lililonichoma si udanganyifu huo peke yake. Lililonichoma zaidi ni kwamba katika miaka yote minne mimi, mwalimu wake, sikupata hata mara moja kumtaka kijana huyu aniandikie insha ya namna hiyo.

Biashara hii si siri tena. Mwaka 2022 Uingereza ilipitisha sheria iliyofanya kuwa kosa, katika eneo la England, kutoa au kutangaza kwa malipo huduma ya kuwaandikia wanafunzi kazi zao. Mwaka 2024 ilitokea filamu ya hali halisi iitwayo The Shadow Scholars, inayomfuata Profesa Patricia Kingori wa Chuo Kikuu cha Oxford, ambaye ni mzaliwa wa Kenya, akiwatafuta vijana wa hapa kwetu wanaoziandika insha hizo. Dunia imekwisha kujua kwamba Mkenya aweza kuandika. Ambao hatujajua, yamkini, ni sisi tuliomsomesha.

Tujiulize basi, insha hiyo ni kitu gani hata Mmarekani ailipie? Katika vyuo vya Marekani somo la utungaji ni desturi kongwe. Chuo Kikuu cha Harvard kilianza kuwatahini waombaji wake kwa utungaji wa Kiingereza mwaka 1874, na kabla karne hiyo haijaisha somo lenyewe lilikuwa limekita mizizi katika mwaka wa kwanza. Hadi leo, awe atasomea udaktari au uhandisi, aghalabu mwanafunzi hutakiwa achague suala lenye ubishi, alifanyie utafiti, achukue msimamo, kisha amshawishi msomaji asiyekubaliana naye.

Ugumu wake uko mahali ambapo wengi hawapashuku. Stephen Toulmin, mwanafalsafa Mwingereza, alieleza mwaka 1958 katika kitabu chake The Uses of Argument kwamba hoja haikamiliki kwa dai na ushahidi tu. Sharti pawepo kiungo, yaani kanuni inayotuonyesha kwa nini ushahidi ule unalibeba dai lile. Natoa mfano wa nyumbani. Mwanafunzi hudai kwamba Kiswahili kifanywe lugha ya kufundishia katika shule zetu zote za msingi. Ukimwuliza ushahidi, hutaja kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010, ambacho kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hapo huweka kalamu chini, akidhani kazi imekwisha.

Haijakwisha. Kiungo ki wapi? Lugha kuwa rasmi si sawa na lugha kuwa ya kufundishia. Isitoshe, kifungu hicho hicho kinaitaka serikali ikuze na kuendeleza lugha za kiasili. Mpinzani aweza kukishika akasema, "Basi mtoto wa Turkana afundishwe kwanza kwa Kiturkana." Mwandishi stadi humsikiliza mpinzani huyo, akatafuta ushahidi zaidi. Atavuka mpaka hadi Tanzania, ambako Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali mwaka 1967, huku Kiingereza kikibaki katika sekondari. Atauliza mpito huo umewafaidi wanafunzi au umewatatiza. Huenda akarudi na dai jembamba kuliko lile la kwanza, lakini litakuwa dai linaloweza kusimama. Huenda hata akabadili nia. Hilo ndilo tunda la insha ya utafiti: humshawishi mwandishi kabla ya kumshawishi msomaji.

Sisi tunawafunza nini? Katika mtihani wa KCSE mtahiniwa huandika insha mbili za Kiswahili, na mimi si miongoni mwa wanaoidharau kazi hiyo. Inawapa vijana methali, tamathali na ufasaha. Ila huwazoesha kutoa hoja kutoka kichwani, chumbani mwa mtihani, pasi na kitabu wala takwimu. Hoja huwa nzuri kwa sababu imepambwa. Mwanafunzi hufika chuoni akiamini kwamba methali moja kali yatosha kumnyamazisha mpinzani. Huko chuoni nasi humpokea kwa maswali yaanzayo na neno "Jadili", akayajibu kwa kutapika maandishi tuliyomsomea. Akitupa yetu wenyewe tunamsifu kuwa ana akili.

Najua utetezi wa wahadhiri wenzangu, maana ni utetezi wangu pia. Kumbi zimefurika. Mwenye wanafunzi mia nne hawezi kusoma insha mia nne za kurasa tano, tena mara mbili. Hili ni kweli, na wanaopanga bajeti za vyuo vikuu wana sehemu yao ya lawama. Lakini yapo madarasa ya wanafunzi thelathini ambamo bado twatoa "Jadili" zile zile. Huko kisingizio cha wingi hakipo. Kilichopo ni mazoea.

Wapo pia watakaoniambia nisiwapige vita vijana wanaojitafutia riziki. Kodi ya nyumba hailipwi kwa maadili, watasema, na anayedanganya ni Mmarekani, si Mkenya. Hoja hiyo ina uzito, na siko tayari kumhukumu mtu mwenye njaa nikiwa nimeshiba. Hata hivyo naijibu hivi: kijana anayeuza insha huuza kitu asichoweza kukitaja. Hawezi kuiandika katika wasifu wake wala kumwonyesha mwajiri. Miaka mitano ya kazi ngumu humwacha bila jina, ilhali cheti humwendea mwingine. Fauka ya hayo, soko lenyewe linayeyuka. Tangu ChatGPT itolewe Novemba 2022, mnunuzi aweza kuipata insha kwa dakika chache bila ya kumlipa mtu. Kijana wangu alinieleza kwamba kazi zake zimepungua na bei imeporomoka.

Programu hizo zinatupa funzo sisi walimu. Ikiwa tulichokitaka kwa mwanafunzi ni karatasi tu, basi mashine imekwisha kutushinda. Ikiwa tulichokitaka ni akili iliyojifunza kupima ushahidi, mashine haiwezi kujifunza kwa niaba yake, kama vile mtu hawezi kumlia mwenziwe chakula.

Napendekeza mambo matatu yasiyohitaji tume wala mamilioni. Kwanza, kila idara imtake mwanafunzi insha moja ya utafiti kila mwaka badala ya mtihani mmojawapo, na suala litoke katika kata au kaunti yake, ambako ushahidi hauna budi kutafutwa kwa miguu. Pili, rasimu isomwe kwanza na wanafunzi wenzake, kisha mwandishi aitetee kwa mdomo kwa dakika kumi mbele ya mwalimu, asiyeiandika atajulikana. Tatu, anayetaka kuiandika kwa Kiswahili aruhusiwe, hata kama somo ni uchumi au kilimo. Lugha isiyotumiwa kubishania mambo mazito hubaki lugha ya salamu na nyimbo.

Na kijana wangu? Aya ya nne sikumsahihishia. Nilimwomba badala yake aniandikie insha yake mwenyewe, yenye jina lake, kuhusu suala linalomkera usiku na mchana: je, kuwaajiri walimu wa shule za msingi na sekondari kubaki mikononi mwa tume moja ya kitaifa, au kaunti zipewe sehemu yake kama zilivyopewa elimu ya chekechea? Alitafakari, akaikunja ile karatasi ya Mmarekani na kuirudisha mkobani.

"Nitaiandika, Mwalimu," alisema akisimama. "Lakini nani ataisoma?"

Nilimwahidi kwamba mimi nitaisoma. Jibu hilo, nakiri, halikumtosha wala halikunitosha. Wahenga walinena kwamba kinyozi hajinyoi, ila sidhani walikusudia kwamba nywele zimkue hadi zimfunike macho. Wahadhiri, wahariri na waheshimiwa wabunge, swali la kijana huyu ni letu sote.