Samaki Nao Huvuta Hewa

Ndugu msomaji, ukiamka alfajiri ukaona perege wa bwawa lako wanatweta juu ya maji, midomo wazi, usidhani wana njaa. Mimi nilidhani hivyo, nikawatupia pumba. Kesho yake nilizika ndoo nzima ya samaki.

Haya, wape watoto kazi. Watie majani yaotayo ndani ya maji katika chupa mbili zilizojaa maji. Moja ikae juani, ya pili ifungiwe sandukuni. Baada ya saa chache ile ya juani itakuwa na mapovu madogo: ndiyo oksijeni itolewayo na majani. Ya gizani haina. Usiku majani hayatoi oksijeni, bali huitumia, kama samaki. Kwa hiyo hupungua mno kabla ya mapambazuko.

Tena maji ya moto huchukua kidogo: kwa digrii 20 lita moja hushika miligramu 9 hivi, kwa digrii 30 hushika 7 na nusu tu. Na pumba zikioza, huila hiyo iliyobaki.

Basi, acha kulisha siku hiyo. Fungulia maji mapya, yaanguke kwa kishindo ili yachanganyike na hewa.