Susa Tamu, Lakini Chemsha Kwanza

Wahispania hulaza mvinyo wao mkali wa Jerez katika mapipa ya mbao kwa angalau miaka 2, na pombe yake huulinda usiharibike. Huku Garissa, kinywaji chetu cha kuchachushwa ni maziwa ya ngamia. Hutiwa mabichi katika kibuyu kilichofukizwa moshi, na baada ya siku 1 au 2 huwa susa. Pombe ya kuyalinda hakuna.

Wazee wetu husema moshi na uchachu vyatosha. Kwa heshima zote, havitoshi. Vijidudu vya bruselosi, ambavyo ngamia huwa navyo, vyaweza kubaki hai humo. Homa yake huja na kuondoka, jasho hutoka usiku, viungo huuma. Wengi hudhani ni malaria, kumbe tiba yake huchukua wiki 6 hivi.

Ndugu msomaji, usikitupe kibuyu. Kioshe kwa maji moto, ukifukize. Chemsha maziwa, yapoe, tia kijiko cha maziwa lala ya kiwandani, ufunike. Usichachushe kwa susa mbichi ya jana: utarudisha vijidudu ulivyokwisha kuviua. Ladha ya moshi itabaki.