Bessie Smith: Malkia wa Bluzi aliyezikwa bila jiwe

Msomaji mpenzi, lau ungalifika katika makaburi ya Mount Lawn, huko Sharon Hill, Pennsylvania, kabla ya Agosti 1970, ungalipita juu ya malkia bila kujua. Bessie Smith alizikwa hapo mwaka wa 1937, maelfu ya watu wakimsindikiza. Kwa miaka 33 kaburi lake halikuwa na jiwe wala jina.

Tuanzie mbali kidogo. Bessie alizaliwa mjini Chattanooga, Tennessee, katika miaka ya 1890, kwenye familia fukara. Wazazi wake walifariki angali mtoto. Ili tumbo lipate chochote, alisimama barabarani akiimba na kucheza huku kaka yake Andrew akipiga gitaa, nao wapita njia wakiwatupia senti. Mnamo 1912 alijiunga na kundi la wasanii waliozunguka kutoka mji hadi mji, ambamo alimkuta Ma Rainey, mwimbaji aliyemtangulia katika bluzi. Wapo wanaodai kwamba Ma Rainey ndiye aliyemfunza kuimba. Mimi nasema sauti ile alikuwa nayo tangu barabarani. Alichojifunza ni jinsi ya kulitawala jukwaa.

Na sauti yenyewe, jamani! Alijaza hema zima bila kipaza sauti. Hata santuri zake za kwanza zilirekodiwa kabla studio hazijaanza kutumia maikrofoni: mwimbaji alisimama mbele ya pembe kubwa ya bati, akaimba kwa nguvu zake zote. Februari 1923, baada ya kampuni kadhaa kumkataa, Columbia ilimrekodi akiimba Downhearted Blues, wimbo uliotungwa na Alberta Hunter na Lovie Austin. Santuri hiyo iliuzwa kwa mamia ya maelfu ya nakala katika miezi michache tu.

Hebu niulize, wewe unadhani alipata kiasi gani? Bessie alilipwa kwa kila wimbo aliorekodi, basi. Mrabaha hakupewa. Isitoshe, Clarence Williams, aliyempeleka studioni, alikuwa akijitilia mfukoni nusu ya malipo hayo. Bessie alipogundua, alimwendea ofisini pamoja na mumewe, Jack Gee, wakamtoa jasho mpaka akamwachilia huru kutoka katika mkataba. Lakini hata katika mkataba mpya mrabaha haukuwamo. Wanamuziki wetu wa hapa nyumbani wakisoma haya nadhani watatikisa vichwa, maana kilio hicho wanakijua.

Hata hivyo fedha za maonyesho zilikuwapo. Alinunua behewa lake mwenyewe la garimoshi, wasanii wake wakala na kulala humo, kwa kuwa hoteli nyingi za Kusini hazikupokea watu weusi. Januari 1925 alirekodi St. Louis Blues pamoja na Louis Armstrong, kijana aliyepiga kornet kana kwamba anamjibu. Uitafute santuri hiyo, hutajuta.

Kisha uchumi ukaanguka mwaka wa 1929. Watu wakaacha kununua santuri, na mwaka wa 1931 Columbia ikamwacha.

Alfajiri ya Septemba 26, 1937, gari alimokuwamo liligonga lori karibu na Clarksdale, Mississippi. Huenda umesikia kwamba alikufa kwa sababu hospitali ya wazungu ilimfukuza. Hadithi hiyo ilienea magazetini, ikaandikiwa hata mchezo wa kuigiza, lakini si kweli. Daktari mzungu alimkuta barabarani akamhudumia, kisha akapelekwa moja kwa moja hospitali ya watu weusi, akakatwa mkono, akafa asubuhi hiyo. Ubaguzi ulikuwapo, tena mkali. Ndiyo maana hakuna dereva wa ambulansi ambaye angethubutu kumpeleka kwingine.

Na lile jiwe? Mwandishi wa maisha yake, Chris Albertson, anaeleza kwamba fedha zilichangwa, zikaishia mikononi mwa Jack Gee. Hatimaye gharama ililipwa na wanawake wawili: Janis Joplin, mwimbaji mzungu wa roki aliyemhusudu Bessie, na Juanita Green, aliyewahi kumfanyia Bessie kazi za nyumbani alipokuwa msichana mdogo. Jiwe liliwekwa Agosti 1970. Oktoba mwaka huohuo Joplin naye akafariki, akiwa na umri wa miaka 27.