NYUMBA YA HALALI: TUSIWEKE VIBANJA VYETU REHANI KWA RIBA

  

Ndugu Waislamu, kila baada ya darsa, iwe Bukoba mjini au Kamachumu, swali moja halikosi kuulizwa. Mwalimu wa shule huliuliza, muuguzi huliuliza, na mfanyabiashara wa sokoni naye huliuliza: "Siku hizi kuna mikopo ya nyumba ya muda mrefu ambayo Serikali imeiwekea mkono. Je, naweza kuichukua?" Wengine hawaulizi tena, kwa kuwa wamekwisha kutia saini. Jibu la neno moja, yaani "haramu", halimtoshi mtu anayelipa kodi ya pango kila mwezi na mwenye watoto wanaolala chumba kimoja. Tumeona ni wajibu wetu kulieleza jambo hili kwa urefu kidogo.

Kwanza tukiri kwamba haja ya nyumba ni haja ya kweli. Katika Suratun-Nahl, aya ya 80, Allah (s.w.) anazihesabu nyumba zetu kuwa ni neema na mahali pa utulivu, na Mtume (s.a.w.) ameitaja nyumba yenye nafasi kuwa miongoni mwa mambo ya furaha ya mja. Sisi watu wa Kagera tunaijua thamani ya neema hiyo kuliko wengi, kwani tuliionja kukosekana kwake. Tarehe 10 Septemba, 2016, tetemeko la ardhi liliupiga mkoa wetu. Zaidi ya watu 15 walifariki, mamia walijeruhiwa, na maelfu ya nyumba ziliporomoka au kupasuka kuta. Familia zililala nje, chini ya migomba. Wengi walilazimika kuanza upya tangu msingi, na aliyejenga mara ya pili bila akiba hutamani mkono wowote unaonyooshwa kwake.

Sasa tuutazame mkono huo. Kukopesha nyumba si jambo jipya katika nchi yetu. Benki ya Nyumba Tanzania, iliyokuwa mali ya Serikali, ilianza kazi mwaka 1973, ikaelemewa na madeni yasiyolipika, ikafungwa mwaka 1995. Baada ya hapo kwa miaka mingi mwananchi wa kawaida hakuwa na mahali pa kukopa kwa ajili ya nyumba kwa muda mrefu. Mwaka 2008 Bunge likapitisha sheria mahsusi ya mikopo ya nyumba, na mwaka 2010 ikaundwa taasisi ya kutoa mitaji kwa mabenki, ijulikanayo kwa kifupi kama TMRC. Hayo yalifanyika kupitia mradi wa Serikali na Benki Kuu, kwa mkopo wa Benki ya Dunia.

Ni muhimu kuelewa kazi yake, maana hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa. TMRC haimkopeshi mtu wa Hamugembe wala wa Nshamba. Inazikopesha benki fedha za muda mrefu, nazo benki ndizo zinazomkopesha mwananchi. Kwa hiyo mkono wa Serikali uko nyuma ya benki, hauko nyuma yako. Ukishindwa kulipa, hakuna wizara itakayokulipia, wala deni halitafutwa kwa sababu mradi ulizinduliwa na viongozi. Mdai wako ni benki, mkataba ni wako, na rehani ni nyumba yako.

Tuje kwenye hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Tuchukue mfano tu, ambao si wa benki yoyote. Mtu amekopa shilingi 20,000,000 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, alipe kwa miaka 15. Kila mwezi atalipa takriban shilingi 280,000. Katika malipo ya mwezi wa kwanza, shilingi 250,000 zitakwenda kwenye riba, na shilingi 30,000 tu ndizo zitakazopunguza deni. Baada ya miaka mitano atakuwa amelipa karibu shilingi 16,800,000, lakini deni lake bado litakuwa zaidi ya shilingi 17,300,000. Akifika mwisho atakuwa ametoa zaidi ya shilingi 50,000,000 kwa mkopo wa 20,000,000. Muulize mkopaji yeyote kama alionyeshwa jedwali hili kabla ya kutia saini. Wengi huonyeshwa kiasi cha kulipa kwa mwezi tu, wakaridhika.

Hukumu ya jambo hili haijifichi. Katika Suratul-Baqara, kuanzia aya ya 275 hadi 279, Allah (s.w.) ameitenga biashara na riba, akaihalalisha ile na kuiharamisha hii, kisha akawatangazia vita wasioiacha. Na katika hadithi aliyoipokea Jabir (r.a.), iliyomo katika Sahihi Muslim, Mtume (s.a.w.) amemlaani mla riba, mwenye kuilisha, mwandishi wake na mashahidi wake wawili, akasema wote ni sawa. Basi asijidanganye mtu kwamba dhambi ni ya benki peke yake.

Wapo wanaotoa hoja ya dharura. Ni kweli kwamba mwaka 1999 Baraza la Fatwa la Ulaya liliwaruhusu Waislamu wa huko, kwa masharti, kununua nyumba ya kuishi kwa mkopo wa benki pale wasipopata njia nyingine, na wanazuoni wengi hawakukubaliana nalo. Lakini hata tukiichukua fatwa hiyo, masharti yake yanatimia Muleba? Huku mtu hununua kiwanja mwaka huu, akapiga msingi mwaka ujao, akanyanyua boma baada ya msimu wa kahawa, akapaua vyumba viwili na kuhamia, vingine vikasubiri. Hivyo ndivyo walivyojenga wazee wetu. Anayeweza kujenga kidogo kidogo hana dharura ya riba. Alichonacho ni haraka, na haraka haihalalishi haramu.

Tena sisi tunayo shule yetu ya nyumbani. Nani asiyeijua butura? Mkulima ana shida ya ada au ya matibabu, mwenye fedha anakuja shambani kahawa ikiwa bado maua, anainunua kwa bei ya kutupa, na msimu ukifika anavuna mali. Viongozi wa mkoa wameipiga marufuku mara kadhaa, nasi mimbarini tunailaani, kwani Mtume (s.a.w.) alikataza kuuza matunda kabla ya kuonekana kufaa kwake. Inakuwaje basi tuikemee butura ya maskini kijijini, kisha tunyamazie butura ya mshahara mjini? Anayeweka rehani miaka 15 ya jasho lake ambayo haijachanua ana tofauti gani na aliyeuza maua ya mkahawa?

Na liko jambo la kibanja. Kwetu kibanja si ardhi tu. Ndipo ilipo migomba inayotulisha, ndipo yalipo makaburi ya baba na babu. Mtu anapopeleka hati benki, iwe hati miliki ya mjini au hati ya hakimiliki ya kimila, anaweka rehani kitu ambacho hakukichuma peke yake na ambacho wanawe hawajakirithi. Sheria inajua uzito huo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka rehani ya nyumba ya ndoa ipate ridhaa ya mwenzi. Enyi wanaume, msiifanye ridhaa hiyo kuwa karatasi ya kusainiwa usiku bila kusomwa. Enyi akina mama, msitie saini msichokielewa. Mkopaji akishindwa kulipa, benki humpa notisi, na ndani ya siku 60 asiporekebisha, mali yaweza kuuzwa. Siku 60 hazifiki hata msimu mmoja wa maharage.

Je, tunamwachaje Muislamu anayehitaji nyumba? Dini yetu haikufunga mlango ila ilifungua mwingine. Mwaka 1990, wanazuoni wa Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, wakikutana Jeddah, walilijadili suala hili la nyumba kwa jina lake. Waliukataa mkopo wa riba, kisha wakataja njia: dola iwakopeshe raia bila riba, au ijenge na kuwauzia kwa awamu, wawekezaji nao wajenge na kuuza kwa malipo ya baadaye, au pafungwe mkataba wa istisnaa, ambapo mtu huagiza nyumba kwa vipimo na bei inayojulikana, akalipa kwa mafungu.

Hapa nchini njia hizo zimeanza kufunguka. Amana, benki ya kwanza nchini kuendeshwa yote kwa misingi ya Kiislamu, ilianza mwaka 2011. Benki ya CRDB nayo ilianzisha huduma ya Al Barakah mwaka 2021. Kwa mjenzi, njia iliyo rahisi ni murabaha: benki inanunua saruji, nondo na mabati, kisha inakuuzia kwa bei iliyoongezwa faida inayojulikana, nawe unalipa kwa awamu. Lakini jina la Kiarabu halitakasi mkataba. Uliza mambo matatu. Je, benki inaimiliki bidhaa kabla ya kukuuzia, au inakupa fedha taslimu na kuziita murabaha? Je, bei imefungwa, au itapanda ukichelewa? Je, adhabu ya kuchelewa inaingia katika faida ya benki, au inatolewa sadaka? Usipopata majibu, rudi nyumbani na fedha zako.

Tunawageukia ndugu zetu waliokwisha kuingia. Msikate tamaa, mlango wa toba uko wazi, na toba ya deni si kukimbia deni. Mali ya watu hurudishwa, na mkataba ulioutia saini ni ahadi. Ombeni benki taarifa ya deni mjue salio halisi. Mkipata ziada, ya mavuno au ya malimbikizo ya mshahara, ulizeni utaratibu wa kulipunguza deni lenyewe au kulimaliza mapema, maana kila shilingi inayopunguza deni leo huzuia riba ya kesho. Mwenye dalili za kushindwa aende benki kabla ya notisi, si baada yake. Mtumishi akumbuke kwamba utaratibu unataka abakiwe na theluthi moja ya mshahara wake. Asijipenyeze chini ya hapo kwa mikopo ya pembeni. Na kwa vyovyote vile, asilipe deni la benki kwa mkopo wa "kausha damu". Huko ni kuzima moto kwa mafuta ya taa. Kisha aandike deni lake katika wasia, ili mauti yasiwakute warithi gizani.

Mwisho tunazungumza na viongozi wetu. Kamati za misikiti, tukemee riba, lakini tusiishie kukemea. Msikiti wenye waumini 60, kila mmoja akitoa shilingi 10,000 kwa mwezi, hukusanya shilingi 600,000. Kwa mwaka ni shilingi 7,200,000, zinazoweza kuezeka nyumba kadhaa kwa mkopo mwema usio na nyongeza. Yanahitajika daftari lililo wazi, mashahidi na maandishi, kama tulivyoamrishwa katika aya ya 282 ya Suratul-Baqara, na watunza fedha wanaokubali kukaguliwa. Mifuko mingi yetu imekufa kwa kukosa hayo, si kwa umaskini. Na wenye zaka wakumbuke kwamba waliolemewa na madeni ni fungu lao lililotajwa katika Qur'ani.

Kwa Serikali tunasema kwa heshima: ikiwa fedha za muda mrefu zimetafutwa ili mabenki yawakopeshe wananchi, basi litengwe pia fungu litakaloziwezesha huduma zisizo na riba kujenga nyumba Kagera na kwingineko. Muislamu naye ni mlipa kodi.

Ndugu Waislamu, ni bora vyumba viwili vya bati vilivyopauliwa kwa miaka minane, mtu akalala humo bila hofu ya notisi, kuliko jumba la miezi sita ambalo kila tofali lake lina mdai. Tunamuomba Allah (s.w.) atutosheleze kwa halali yake tusihitaji haramu yake, awape makazi wasio nayo, na awaondolee wenye madeni mzigo wao. Amin.

Wabillahi tawfiq.