Orodha ya Hofu

UPEPO WA PWANI
Na Kazungu Mwaringa

Malindi haishangai mgeni. Mpemba huja na kaskazi, akapiga dago lake la uvuvi, msimu ukiisha akarudi kwao. Muitaliano amejenga nyumba, akafungua mkahawa, akajua kupatana bei ya samaki kwa Kiswahili. Kijana wa bara hushuka basi la usiku na begi moja na namba ya simu ya binamu yake. Kwa hiyo baada ya 2019, familia kutoka Magharibi, Nyanza na Nairobi zilipoanza kuelekea msitu wa Shakahola pamoja na watoto wao, nani angewauliza kitu? Walisema wanakwenda kulima. Kuna waliouza kila walichokuwa nacho ili kupata kipande cha ardhi kule porini, na vijiji vyao wakavipa majina ya Biblia: Bethlehemu, Nazareti, Yudea.

Aprili 2023 makaburi yakaanza kufukuliwa. Kufikia mwisho wa mwaka miili ilikuwa imepita 400. Chumba cha maiti cha hospitali ya Malindi kilijaa hadi makontena ya baridi yakaletwa, na jamaa wa waliopotea walisubiri karibu mwaka mzima, hadi Machi 2024, ndipo miili ya kwanza iliyotambuliwa kwa vinasaba ikaanza kukabidhiwa kwao. Mhubiri Paul Mackenzie, anayedaiwa kuwahimiza wafuasi wake wafunge hadi kufa, na wenzake walishtakiwa mapema 2024 kwa mauaji ya watoto 191, juu ya mashtaka mengine ya ugaidi na ya kuua bila kukusudia. Wakakana.

Tangu siku hizo, swali la barazani ni lile lile: mtu mwenye akili timamu anafunga vipi mpaka afe, tena na mwanawe? Wengi hujijibu kwa neno moja, ujinga, wakamaliza kahawa yao. Lakini miongoni mwa waliofuata njia ile walitajwa mhudumu wa ndege na askari polisi, watu waliopita darasani na kwenye mitihani. Mwandishi wa safu hii anaona neno hilo linatupumzisha sisi kuliko linavyowaeleza wao. Watu wale walikuwa waoga kama sisi. Tofauti ni vile walivyokuwa wakiviogopa.

Mary Douglas, Mwingereza aliyeishi na Walele wa Kasai nchini Kongo kabla ya kuwa jina kubwa katika elimu ya jamii, aliandika kitabu mwaka 1982 pamoja na Mmarekani Aaron Wildavsky kuhusu jambo hili. Hatari za dunia, walisema, ni nyingi mno. Hakuna awezaye kuziogopa zote. Kila jamii huchagua chache, na uchaguzi wenyewe hufuata nani tunaishi naye na nani tunataka kumlaumu. Wa Kilifi hahitaji kusafiri hadi Kasai kuliona hilo. Humu humu kaunti kuna wazee wanaopaka mvi rangi, kwa sababu kichwa cheupe kimegeuka ushahidi wa uchawi na wenzao wameuawa kwa shutuma hiyo. Mara nyingi nyuma ya shutuma kuna shamba la kurithi. Malaria inaua, barabara inaua, lakini panga linamfuata babu.

Orodha ya Mackenzie ilianza na shule, ikaja hospitali, na mwaka 2019 ikaongezewa Huduma Namba, namba ya serikali ya utambulisho, aliyoihubiri kuwa chapa ya mnyama. Hapo tusicheke haraka. Minong'ono ya namba ya shetani ilisikika hata kwenye makanisa ya watu wastaarabu na ndani ya matatu, na Oktoba 2021 Mahakama Kuu yenyewe ilisema uzinduzi wa kadi za Huduma Namba ulikwenda kinyume cha sheria, kwa kuwa serikali haikupima kwanza hatari kwa taarifa za watu. Jaji hakumtaja mnyama yeyote, bila shaka. Lakini aliyekwisha kuogopa alipata la kujithibitishia.

Hofu peke yake, hata hivyo, haimfikishi mtu kaburini. Kilichowafikisha ni safari. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Leon Festinger na wenzake walijipenyeza katika kikundi kidogo karibu na Chicago kilichosubiri gharika ya tarehe 21 Desemba. Gharika haikuja, na baadhi ya waliokuwa wameacha kazi na mali kwa ajili yake ndio waliozidi kuamini. Ukishauza ng'ombe na kumtoa mtoto shule, kukiri kwamba ulikosea ni kufilisika mara ya pili. Mhubiri Jim Jones aliwatoa watu wake California akawapeleka katika msitu wa Guyana, na Novemba 1978 wakafa zaidi ya 900. Kanungu, Uganda, mwaka 2000, waumini wa Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde waliokufa nao walikuwa wameacha makwao wakaishi pamoja, chakula kimoja na amri moja.

Linganisha na dada wa Ganze anayekwenda Saudia kufanya kazi za ndani. Naye anaijua hatari. Amesikia habari za majeneza yanayorudi uwanja wa ndege. Naye huombewa kabla ya kuondoka. Ila anayeondoka huyo ameacha watu wanaongoja pesa na sauti yake, na akinyamaza wiki mbili mama mtu atampigia kelele wakala. Uzi umebaki mkononi mwa mtu nyumbani. Shakahola uzi ulikatwa makusudi: jamaa wasioamini waliitwa dunia, na dunia ndiyo iliyokuwa ikikimbiwa.

Serikali nayo ina orodha yake. Kwa miaka mingi, hofu ya dola hapa Pwani ilikuwa na kanzu na kofia. Msikiti Musa wa Mombasa ulivamiwa na polisi Februari 2014 mchana kweupe. Mackenzie, mhubiri wa Malindi, alikamatwa mwaka 2017 kwa tuhuma za mafunzo ya itikadi kali, akakamatwa tena 2019, na tena Machi 2023 baada ya habari za watoto waliokufa njaa. Kila mara alitoka. Tume ya kitaifa ya haki za binadamu, KNCHR, ilizilaumu idara za usalama kwa kupuuza maonyo yaliyotolewa mapema. Mtu wa suti na Biblia hakuwamo katika orodha.

Sasa limeandaliwa pendekezo la sheria ya kuyasimamia makanisa, kutokana na kazi ya jopo lililoongozwa na Mutava Musyimi. Linataka usajili na mambo ya karatasi, na maaskofu wanalipinga. Huenda lina faida zake. Lakini Mackenzie alitangaza kulifunga kanisa lake la Furunzi mwaka 2019, kabla ya watu kumiminika msituni. Kwa karatasi, Shakahola hapakuwa na kanisa la kusajili. Palikuwa na wakulima. Na katikati ya 2025, wachunguzi walipofika Kwa Binzaro, eneo lile lile la Chakama, na kufukua miili zaidi ya 30, hapo pia walichokuta ni boma la watu waliohamia kutoka mbali.